Kidonge kwenye karatasi: namna ya kuendesha kikao cha kuwaonya watu wetu Marekani kuhusu vidonge feki

Tangazo huwa linafanana. Linaingia kwenye kikundi cha WhatsApp alfajiri: tumempoteza kijana wetu, alilala hakuamka, familia inaomba dua na mchango wa kusafirisha mwili. Watu wanaandika pole na kutuma walichonacho, na hakuna anayeuliza ilikuwaje. Kwetu kuuliza ni kukosa adabu. Familia nayo, hata ikijua, inanyamaza kwa aibu. Wiki inapita, na kidonge feki kile kile kilichomuua kinazunguka kwa vijana wengine ambao wazazi wao walichangia mazishi.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuvunja ukimya huo kwa kikao kimoja cha saa moja na nusu, kwa Kiswahili, mahali ambapo watu wetu tayari hukutana. Naishi Ohio na nimeshiriki kuandaa vikao vya namna hii kwa Wakenya, Watanzania na Wakongo. Huhitaji kuwa daktari. Unahitaji kujua mambo machache kwa uhakika, kuwa na boksi la naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayorudisha pumzi, na kuheshimika kidogo mtaani.

Kwanza, kijue kitu chenyewe

Fentanili ni dawa halali ya maumivu. Hospitali huitumia wakati wa upasuaji na kwa wagonjwa wa saratani. Iko katika jamii moja na mofini, lakini nguvu yake inafikia mara 100 ya mofini na mara 50 ya heroini. Inayoua watu mitaani kwa sehemu kubwa haikutoka hospitali. Inapikwa kwa siri, hasa Mexico, inachanganywa na unga mwingine, kisha inashindiliwa kwa mashine na kupewa rangi na alama zile zile za dawa ya dukani. Kinachojulikana zaidi ni kidonge kidogo cha bluu chenye herufi M ndani ya kisanduku upande mmoja na namba 30 upande wa pili, kikiigiza oksikodoni, dawa kali ya maumivu, ya miligramu 30. Ziko pia feki za Percocet ya maumivu, za Xanax ya kutuliza wasiwasi, na za Adderall ambayo wanafunzi huitafuta ili wakeshe wakisoma. Kwa macho, kwa harufu au kwa ladha huwezi kutofautisha feki na halisi, na hata mfamasia hawezi kukuhakikishia bila maabara.

Shirika la serikali kuu linalopambana na dawa za kulevya, DEA, linahesabu miligramu 2 za fentanili kuwa kiasi kinachoweza kuua. Maabara yake ilipopima vidonge feki vyenye fentanili vilivyokamatwa mwaka 2021, vinne kati ya kumi vilikuwa na kiasi hicho au zaidi. Mwaka 2022 vilikuwa sita kati ya kumi, mwaka 2023 saba, na mwaka 2024 vikashuka hadi vitano. Vifo navyo vimepungua. Mwaka 2022 zaidi ya watu 107,000 walikufa nchini kwa kuzidiwa na dawa za aina zote, na makadirio ya mwaka 2024 ni kama 80,000. Waambie watu habari hiyo njema, kwa sababu inaonyesha kwamba juhudi zinazaa matunda. Ila hata vitano kati ya kumi ni sawa na kurusha sarafu juu ukiwa umeweka rehani roho ya mtoto.

Jinsi inavyoua ni jambo ambalo kila mtu ukumbini lazima alielewe, maana huokoi mtu usipolijua. Fentanili inazima ile amri ya ubongo inayosema "vuta pumzi". Mtu halii wala hatapitapi. Anasinzia, pumzi zinapungua, zinakuwa nzito, kisha zinakoma. Anayepita mlangoni anasikia mkoromo na kudhani ni uchovu wa zamu ya usiku.

Pili, chagua maneno kabla ya kuchagua ukumbi

Usiandike "dawa za kulevya" kwenye tangazo lako. Mzazi wa Kiswahili akiyaona maneno hayo anamfikiria teja wa kona, unga na sindano, kisha anasema kimoyomoyo: hayo si ya nyumbani kwangu. Hatakuja. Andika "vidonge feki" au "dawa bandia", naye atakuja, kwa sababu dawa feki anazijua tangu nyumbani. Neno fentanili lilete ukumbini, ulitamke polepole, uwarudishie mara mbili tatu. Kama mna Wakongo wengi, mketishe mmoja wao mezani mapema muafikiane maneno. Kiswahili cha Bukavu na cha Tanga havigongani, ila neno moja likipotea katikati ya maelezo ya kuokoa mtu, kikao kimepotea.

Angalia pia unavyotaja kifo chenyewe. Ukisema "alizidisha dozi" umeshamlaumu marehemu, wakati huenda alimeza nusu ya kidonge akitafuta usingizi. Mimi husema "alizidiwa na dawa", au moja kwa moja "aliuziwa sumu". Mama aliyefiwa akiwa kwenye viti vya nyuma, na usidhani hayupo, atainua uso badala ya kuuinamisha.

Tatu, nenda walipo watu

Akina mama wa chama cha kuweka akiba ndio mlango bora niliouona. Wanakutana kila mwezi, wanaaminiana, na wanajua nani nyumbani kwa nani hajatulia. Baada yao, timu za mpira za vijana na vinyozi. Misikiti na makanisa ni lazima uende, lakini zungumza na imamu au mchungaji ana kwa ana kwanza. Akikupa dakika kumi madhabahuni baada ya ibada, mshukuru, kisha omba chumba cha pembeni siku nyingine, kwa sababu dakika kumi hazitoshi na watu hawataulizana maswali mbele ya umati.

Watenge vijana na wazazi kwa sehemu ya kwanza. Kijana hatasema alichokiona Snapchat mama yake akiwa ameketi mbele yake. Waunganishe mwishoni kwa mazoezi.

Ukitaka siku yenye jina, Agosti 31 ni siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidiwa na dawa. Ilianzia Melbourne, Australia, mwaka 2001, na huku kaunti nyingi huwa na shughuli siku hiyo, kwa hiyo ni rahisi kupata vifaa na mgeni kutoka idara ya afya.

Nne, pata naloksoni kabla ya siku

Usiitishe kikao bila naloksoni mkononi. Ukiwatisha watu bila kuwapa cha kushika, wanaondoka na hofu tu. Naloksoni ni dawa inayoifukuza fentanili kwenye ubongo na kurudisha pumzi kwa dakika chache. Tangu mwaka 2023 ile ya kupuliza puani, Narcan ya miligramu 4, inauzwa Marekani bila cheti cha daktari, boksi la vipulizio viwili likiwa karibu dola 45. Lakini usinunue kwanza. Piga simu idara ya afya ya kaunti yako, waambie unaandaa kikao na idadi ya watu, na mara nyingi watakupa bure. Hapa Ohio upo mpango unaoitwa Project DAWN ambao kazi yake ni hiyo. Omba pia kipulizio cha mazoezi kisicho na dawa ndani, na uulize kuhusu karatasi za kupimia fentanili ikiwa jimbo lako linaziruhusu.

Tano, siku yenyewe: mandazi, chumvi na karatasi

Anza na chumvi. Weka chembe 10 hadi 15 za chumvi ya mezani juu ya karatasi nyeusi, uzungushe karatasi hiyo mtu hadi mtu. Miligramu 2 ni kama hizo. Usiseme kitu inapopita. Ukumbi utatulia wenyewe.

Kisha lete mandazi. Kanda unga nyumbani, umwagie kiganja cha zabibu kavu, ukande haraka haraka, ukate na ukaange. Mpe kila mtu andazi moja alipasue. Mmoja atakuta zabibu sita, mwingine moja, wa tatu hatapata kitu. Waambie: hivi ndivyo vidonge feki vinavyotengenezwa. Anayevishindilia hana mizani ya hospitali. Vidonge viwili vya mfuko mmoja, rafiki akameza kimoja akapata usingizi mzuri, wewe ukameza cha pili na hukuamka. Baada ya hapo hutasikia tena mtu akisema "mbona fulani alikunywa na yuko mzima?" Na kwa sababu hiyo hiyo, karatasi ya kupimia ikionyesha hakuna fentanili kwenye kipande ulichokwangua, haijakuhakikishia kipande kilichobaki.

Sasa ndipo useme jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wengine, na hapa usiharakishe. Nyumbani tulizoea kununua vidonge viwili viwili. Unaeleza kichwa kinauma, muuza duka anakata au kuhesabu, anafunga kwenye kipande cha karatasi, unaondoka. Na ukiwa nacho, jirani akiumwa unamgawia. Huo ndio utu tuliolelewa nao, na sitaki mtu yeyote auonee haya. Lakini ndio unaotufanya tusishtuke. Mmarekani aliyekulia hapa akipewa kidonge kitupu bila kichupa huenda moyo wake ukamwambia kuna kitu. Sisi tunasema asante. Mzee anayenyanyua mizigo ghalani usiku kucha mgongo unamkaba, mwenzake wa kazini anamnong'oneza, "Chukua hii, mimi ilinisaidia." Yule mwenzake wala si muuza sumu. Naye alipewa.

Kwa hiyo wape kanuni moja ya kushika: huku, dawa yako ya kuandikiwa na daktari hutoka mkononi mwa mfamasia, ndani ya kichupa chenye lebo iliyoandikwa jina lako, jina la daktari na namba ya dawa. Onyesha kichupa chako mwenyewe, kizungushe ukumbini, waonyeshe sehemu ya lebo ambayo mara nyingi inaeleza rangi ya kidonge na alama zake. Kidonge kingine chochote, kiwe kimetoka kwa rafiki, kwa shemeji au kwa mtu wa mtandaoni aliyeweka vijipicha vya ua na dola kama ishara ya kuuza, usikimeze. Maduka ya dawa ya mtandaoni yanayokuuzia bila kukuuliza cheti cha daktari yaweke kundi hilo hilo.

Watakaobaki na mashaka kwamba haya ni ya wahuni, wasimulie kuhusu Prince. Mwanamuziki huyo alikutwa amekufa nyumbani kwake Paisley Park, Minnesota, Aprili 21, 2016, akiwa na miaka 57. Alikuwa na uwezo wa kulipia daktari yeyote duniani. Miaka miwili baadaye mwendesha mashtaka wa Carver County alitangaza kwamba Prince alimeza vidonge akiamini ni Vicodin, dawa ya maumivu, kumbe vilikuwa bandia vyenye fentanili. Ilishindikana kujua vilitoka kwa nani, na hakuna aliyeshtakiwa.

Kwa wazazi, fanya igizo dogo la mazungumzo ya nyumbani, maana wengi hawajui waanzie wapi na wanaanza kwa kufoka. Mimi huwagawa wawili wawili, mmoja mama na mmoja mtoto:

"Mama, mimi situmii madawa."

"Najua mwanangu. Sijakuuliza hilo. Nakuuliza, rafiki yako akikupa kidonge cha kichwa shuleni, utamwambia nini?"

Waache watafute jibu wenyewe. Kijana akipata sentensi yake ya kukataa, kwa maneno yake, umemaliza nusu ya kazi.

Sita, mazoezi ya kuokoa

Hapa simama, watu wasogee karibu, na kila mtu ashike kwa mkono wake. Wanasayansi wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, walichunguza vifo vya kuzidiwa na dawa vya vijana wa miaka 10 hadi 19 vilivyotokea kati ya Julai 2019 na Desemba 2021. Karibu robo vilikuwa na ushahidi wa vidonge feki. Na katika theluthi mbili kulikuwa na mtu karibu, nyumba moja, pengine chumba cha pili. Huyo mtu wa chumba cha pili ndiye unayemfundisha leo.

Dalili: haamki ukimwita. Pumzi ni chache au hakuna, au anakoroma kwa mkoromo wa majimaji kooni. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Vitabu husema midomo inakuwa ya bluu, lakini kwenye ngozi yetu tazama ndani ya mdomo, ufizi na kucha: hugeuka rangi ya majivu.

Mwite kwa jina kwa sauti kubwa. Kunja ngumi, sugua kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua. Asiposhtuka, piga 911 na uweke simu kwenye spika. Ukishindwa Kiingereza, taja neno Swahili na usikate simu, maana vituo vingi hupata mkalimani kwa simu. Fundisha kila mtu kusema kwa Kiingereza anwani ya nyumba yake na kwamba mtu hapumui. Nimeona watu wazima walioishi hapa miaka mitano wakikwama kwenye anwani, na ni afadhali wakwame mbele yako kuliko usiku ule.

Kisha naloksoni. Mlaze chali, inua kidevu kichwa kilale nyuma. Chana pakiti, toa kipulizio. Usikijaribu hewani, kina pumzi moja tu na utaimaliza. Kishike hivi: kidole gumba chini kwenye kitufe, vidole viwili huku na huku ya mdomo wa chupa. Ingiza tundu moja la pua mpaka vidole vyako viguse pua yake, kisha bonyeza gumba mpaka mwisho. Kama hapumui na unaweza, mbane pua umpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde tano. Zikipita dakika mbili hadi tatu bila mabadiliko, tumia kipulizio cha pili kwenye tundu la pili. Akianza kupumua mgeuze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, asipaliwe na matapishi.

Anaweza kuamka amekasirika, anatapika, anakataa hospitali. Kaa naye. Naloksoni inafanya kazi kati ya dakika 30 na 90, na fentanili ikibaki mwilini pumzi zinaweza kuzimika tena. Hili ndilo wengi hulisahau: wanamwona kaketi, wanamwacha akalale, na asubuhi ni msiba. Kama alichomeza hakikuwa cha jamii ya fentanili na mofini, naloksoni haitamdhuru, kwa hiyo mtu asisite akijiuliza kama ana uhakika. Siku hizi fentanili huchanganywa na dawa ya kulaza mifugo iitwayo zailazini, ambayo naloksoni haiiondoi. Mpe vile vile, kwa sababu fentanili ipo, na uendelee kumpulizia pumzi mdomoni.

Watauliza kuhusu maziwa. Kila kikao kuna mzee anayeuliza. Jibu kwa heshima: maziwa, maji ya chumvi au kitu chochote mdomoni mwa mtu asiyejitambua kitaingia mapafuni. Maji baridi na makofi havirudishi pumzi. Na anayeogopa kwamba akimgusa mgonjwa au kidonge atakufa yeye, mtulize. Kugusa tu hakuui. Anawe mikono kwa maji na sabuni, aendelee.

Saba, polisi na karatasi za uhamiaji

Swali hili litaulizwa kwa sauti ya chini, na ukilikwepa umepoteza ukumbi. Karibu majimbo yote yana sheria ya kumlinda kwa kiwango fulani anayepiga simu kumwokoa mtu aliyezidiwa, asishtakiwe kwa kukutwa na kiasi kidogo cha dawa. Lakini ni sheria za majimbo, zinatofautiana, na uhamiaji uko mikononi mwa serikali kuu. Usiwaahidi usichokiweza. Mwite mwanasheria wa msaada wa bure wa eneo lenu aeleze sheria ya jimbo lenu, hata kwa simu ya dakika kumi. Wewe useme kinachojulikana: aliyezidiwa asipopigiwa simu, anaweza kufa.

Nane, baada ya kikao

Kila nyumba iondoke na boksi moja. Waambie pa kuliweka: kabati la jikoni ambalo kila mtu analijua, si kwenye sanduku la mama lenye kufuli, wala si garini, kwa sababu baridi ya Januari inaigandisha na joto la Julai linaiharibu. Tarehe ya mwisho waiandike kwa kalamu nene juu ya boksi. Vidonge vilivyobaki baada ya upasuaji au kung'olewa jino wasivitunze "vitasaidia baadaye". Mwezi Aprili na Oktoba kuna siku ya taifa ya kurudisha dawa, na maduka mengi ya dawa yana sanduku la kutumbukizia mwaka mzima.

Wiki ya pili, weka ujumbe mfupi wa sauti kwenye kikundi, kwa Kiswahili, dakika moja, ukirudia dalili na hatua. Ujumbe wa sauti unasikilizwa na bibi asiyesoma, na unatumwa Dallas na Minneapolis kabla hujamaliza chai. Usitume picha za kutisha.

Na siku ya kikao usiwe wa kwanza kuondoka. Kunja viti polepole. Swali zito huulizwa nje, kwenye maegesho, na mtu ambaye ndani hakufungua mdomo: kijana wake anatumia, au yeye mwenyewe alianza na mgongo na sasa hawezi kuacha. Usimhubirie. Mwambie kuna tiba, dawa ziitwazo methadoni na buprenofini, na watu wanapona na kurudi kazini. Namba ya bure ya serikali ni 1-800-662-4357, saa 24, lakini hujibu kwa Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo jitolee kukaa naye garini mpige pamoja. Kisha mpe boksi la pili la naloksoni, na usimwandike jina popote.